Upande wa Kushoto

Duka langu Kibokoni lina vioo kuliko wateja.
Nimetia fremu Ayatul Kursi, vyeti vya udaktari,
maharusi wa zama za picha za kahawia,
hata jino la papa, la mtu aliyetaka wajukuu waamini.
Nguo, sijawahi.

Bi Mwanasiti akaja na kifurushi cha gazeti,
akakifungua mezani taratibu
kama afunguaye kiganja cha mtoto aliyelala na peremende.
Kikoi.
Si hivi vinavyopangwa rangi kumi na mbili mlangoni
mgeni achague kilingane na kiti chake cha ufukweni.
Hiki kilifumwa kwa mkono, uani, mtaa wa Kuze,
na Bwana Kupi wa Siu, ambaye akiwa kitandani
(kitanda cha mfumi, si cha kulala)
hasemeshwi: hata salamu
waiweka kizingitini, waiacha imngoje.

"Kitie kiooni," akasema. "Watoto wameona hotelini
nguo za watu zimetundikwa, zapendeza.
Marehemu naye atundikwe."

Nikatoa futi.
Upana, mikono miwili na shubiri.
Taraza, vidole vinne: wekundu wa ndani ya komamanga,
umanjano wa bizari, na wekundu tena.
Matamvua, sitini na moja. Sita yameng'oka,
au mtoto wa meno aliyatafuna, miaka hiyo.
Nikahesabu mistari kwa ukucha.
Kwenye wa tano mshindio wageuka,
weusi waingia ukijani, shubiri nzima:
uzi ulimwishia Bwana Kupi,
akaazima wa jirani, akaendelea.
Hakufumua.
Nilimpenda hapo, mtu nisiyepata kumuona.

Kisha upande wa kushoto, karibu na pindo,
pahali padogo, kadiri ya kiganja.
Mshindio umelika. Mtande umebaki peke yake,
mbavu za punda wa mchanga.
"Hapo ndipo alipokipachika," akasema.
"Miaka thelathini na tisa, kila alfajiri, kushoto.
Alikuwa wa shoto yule. Kwa kula tu
ndiyo alijilazimisha kulia."

Akanyamaza, akakisukuma kwangu.
"Lakini kipige pasi kwanza. Kinyooke."

Pasi nilikwisha kuichomeka.
Nikaushika ule mkunjo kwa vidole viwili.
Haukuwa umelala. Ulisimama kidogo,
kama sikio la paka aliyesikia jina lake.
Kiuno hakipo, fundo lake lipo,
na moto wangu waujua unyoofu tu.

Nikaichomoa pasi.
"Bibi," nikasema, "kioo cha ukubwa huu sina."

Nyuma yangu kiliegemea kioo
kirefu kunishinda mimi na yeye,
na sote wawili tulikuwa ndani yake,
mimi kwa kisogo, yeye kwa uso.
Akakitazama. Akanitazama.
Hakusema kitu. Akaomba maji ya kunywa.

Nikamchongea ufito wa mkoko,
nikaupiga msasa hata nzi akateleza,
ndoana mbili za shaba ukutani, basi.
Pasiwe msumari, pasiwe gundi.
Kikoi kikalala juu ya ufito
kikajishika kwa uzito wake.
Nilimtoza nusu. Nusu ilikuwa kafara ya uongo.

Baada ya Idi, Ijumaa moja,
nilipita Kuze na kioo cha mtu kwapani,
nikachungulia ukumbini kwa Bi Mwanasiti.
Ndoana mbili. Ufito mtupu.
Moyo ukanipiga: wameuza. Au wezi.

"Kiko wapi?"

Alikuwa juu ya mbuzi, akuna nazi, hakuinua uso.
"Kimetoka na Twaha. Kitarudi swala ikisha."

Nazi ikazunguka mkononi mara mbili, tatu.

"Yeye apachika kulia.
Nimemwacha."